Shangazi, nimechagua neno "Amani" lakini deni haliniachi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, nina miaka 38, mume na watoto watatu. Kila Desemba naandika malengo ya mwaka kwenye daftari. Mwaka jana yalikuwa tisa: kuweka akiba, kupunguza mwili, kumaliza Biblia yote, kununua mashine ya overloki na mengine. Pasaka ilifika sijashika hata moja. Safari hii, kwenye umoja wa wanawake kanisani (sisi ni Wamoraviani), mwalimu mmoja alitushauri tuachane na malengo, kila mtu achague neno moja la kumwongoza mwaka mzima. Nimechagua "Amani" kwa sababu nimechoka. Nilikopa laki nne kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili tuchangie harusi ya mdogo wake mume wangu, mpaka leo narejesha kila wiki. Wateja wananigombeza, nguo zao haziishi. Mawifi wakipiga simu wana shida, naitikia tu. Mume wangu anacheka, anauliza kama hilo neno litalipa ada. Niendelee nalo au nirudi kwenye malengo? Na je, niliweke stetasi kama wenzangu? — Fundi, Mbeya*

Marahaba mwanangu, na pole na Januari.

Kuchagua neno hakuna ubaya, ila hili ulilochagua silitaki. Hebu soma tena barua yako. Wifi anapiga simu, unaitikia. Mteja analeta kitambaa Jumatano anataka nguo Jumamosi, unapokea. Shemeji anaoa, unakimbilia kausha damu. Kote huko ulikuwa unatafuta nini kama siyo amani? Hukutaka maneno, hukutaka kuonekana mchoyo, hukutaka mama mkwe anune. Sasa ukiibandika "Amani" ukutani juu ya cherehani, siku wifi akipiga utainua macho, utaisoma, kisha utatuma hela. Mwaka mpya utakuwa uleule.

Tena wewe ni Mmoraviani, kwa hiyo habari ya kutembea na neno si ngeni kwenu kama mumeo anavyodhani. Mwaka 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani wa wakati huo, alianza kuwapa waumini wake neno la kushika kwa siku nzima, na tangu 1731 maneno hayo yanachapishwa kitabu kila mwaka. Kinachonivutia ni namna yanavyopatikana: mistari ya Agano la Kale huokotwa kwa kura, kama bahati nasibu. Hakuna anayekaa akajichagulia ule unaompendeza. Unaweza kuamka na hasira zako, ukafungua, ukakuta umetokewa na la kusamehe. Ufanyeje? Sisi tunaojichagulia ndio tunaojidanganya, maana mkono unakwenda kwenye lile linalotubembeleza. Furaha. Baraka. Kung'aa. Nikimwona mtu amechagua "Kung'aa" huwa natamani kumuuliza anadaiwa na nani.

Neno la kukufaa wewe ni lile ambalo ukifikiria kulitamka mbele ya wifi yako, koo linakauka kidogo. Ukiniuliza mimi, chukua "Ngoja".

Sikwambii uwe mtu wa "hapana". Najua vizuri kwamba mke hawaambii mawifi hapana halafu akalala usingizi. Lakini ngoja inasemeka. "Ngoja niongee na kaka yako, Jumapili nitakujibu." "Ngoja nimalize sare za shule, kitambaa chako nitakipokea wiki ijayo." Hujamkatalia mtu, na umejipatia siku tatu nne za kuangalia kama hela ipo na kama kazi itaingia. Na usidhani nakuhubiria subira, hiyo unayo mpaka imepitiliza. Mumeo akikutania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, mjibu kwamba haraka ndiyo iliyowafikisha kausha damu, tena kwa harusi ya mdogo wake.

Kama unalo lingine linalokukereketa zaidi ya hilo, lichukue, sitagomba. Ila usiishie kulipenda. Jioni moja keti na daftari lako uandike ni wakati gani hasa utalitumia. Mwanasaikolojia mmoja, Peter Gollwitzer, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba mtu aliyekwisha kuamua mapema "likitokea hili, nitafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake. Kwa hiyo andika: kadi ya mchango ikija, sitataja kiasi siku hiyohiyo. Mteja akitaka nguo ndani ya siku tatu, nitahesabu kwanza zilizolala mezani, ndipo nimpe tarehe. Anayenikopesha akisema naweza kuongezewa kingine, nitaondoka bila kusaini. Mafundi wengi mnaharibu kwenye hilo la tarehe. Mteja akiambiwa wiki mbili akaipata ndani ya wiki mbili, anarudi. Akiambiwa Jumamosi akarudishwa mara nne, anakwenda kukutangaza soko zima.

Mwalimu wenu, kwa heshima zake zote, amekosea aliposema muache malengo. Mwaka 2002 John Norcross na wenzake, kule Marekani, walitoa utafiti wa watu waliotaka kubadilisha jambo maishani mwaka unapoanza. Baada ya miezi sita, katika wale walioweka azimio la mwaka mpya, asilimia 46 walisema bado wamelishikilia. Katika wale waliotaka kubadilika lakini hawakuweka azimio, ni asilimia 4 tu. Ni kweli watu wakijieleza wenyewe hujipendelea, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Wewe ulishindwa kwa sababu yalikuwa tisa, na mengi hayakuwa na tarehe wala kiasi. "Kuweka akiba" shilingi ngapi, wapi, siku gani?

Kwa hiyo neno libaki kwa yale yanayokuja bila taarifa: simu, mgeni, mteja. Deni halikuji bila taarifa. Unalijua, linakujua, na mwaka huu liwe ndilo lengo lako pekee. Biblia soma tu, haihitaji kupangiwa foleni na overloki. Mwili utasubiri.

Wiki hii nenda kwa aliyekukopesha umwombe salio kwa maandishi, pamoja na nakala ya mkataba. Muulize leseni yake iko wapi, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 biashara ya kukopesha inataka leseni, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Akianza kukufokea kwa swali hilo, umeshapata jibu. Mpelekee afisa maendeleo ya jamii wa kata huo mkataba auone. Huyohuyo afisa muulize habari za mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo nne ni za vikundi vya wanawake. Hiyo ni ya kukuza biashara, usiombe kulipia deni. Lakini wanawake wa umoja wenu wanaoshona wakijikusanya, overloki inaweza kupatikana huko badala ya kausha damu.

Sasa turudi kwa mumeo anayecheka. Neno halilipi ada, hapo amesema kweli. Ila mimi barua yako imenipa swali jingine, na wewe hukuliuliza: harusi ni ya mdogo wake, mbona deni liko kwa jina lako? Mlikubaliana wawili, au uliona aibu ya familia ikakupeleka peke yako? Kama hajui unarejesha kiasi gani kila wiki, ndiyo maana anaweza kucheka. Chagua siku ambayo watoto wamelala na yeye ameshakula, umwekee daftari mbele: tulichokopa, nilichokwisha kulipa, kilichobaki, na ada inayodaiwa. Usimlaumu, msomee tu. Halafu nyamaza umwache aongee. Mkubaliane sehemu yake kwa mwezi ni kiasi gani, na mkubaliane pia kwamba kadi yoyote ya upande wake ataijibu yeye. Mawifi wakishajua kwamba jibu la hela linatoka kwa kaka yao, utashangaa simu zitakavyopungua.

Kuhusu stetasi, usiweke. Ukiweka "Ngoja" mawifi watauliza ni nani anayesemwa, na utakuwa umefungua kesi kabla hata hujamwambia mtu asubiri. Mweleze mumeo, mweleze na huyo unayeshirikiana naye kibanda, ili ukianza kupokea vitambaa ovyo akukoholee.

Mwezi wa sita, shule zikifungwa, niandikie tena uniambie limebaki kiasi gani.