Tabo mbili, mbona bado inakunywa mafuta?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Houston, Texas, kazi yangu ni kukata majani na kupogoa miti. Mwaka jana nilinunua pikapu ya Ford F-150 ya 2018, injini ya V6 (silinda sita) ya lita 3.5 yenye tabo mbili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Muuzaji aliniapia kwamba injini ndogo hainywi mafuta. Kweli, nikienda tupu kwenye barabara kuu napata maili 22 kwa galoni. Lakini nikifunga trela langu la boksi lenye mashine, nashuka hadi 10. Mwenzangu ana F-150 ya mwaka huohuo yenye V8 (silinda nane) ya lita 5.0, anavuta trela kama langu, naye anapata 10 na nusu. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Niiuze nichukue V8?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pikapu yako ni nzima. Muuzaji ndiye aliyekupa nusu ya habari.

Petroli haiungui bila hewa, tena kwa kipimo: kila kilo 1 ya petroli inataka kilo 14 na ushei za hewa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo haina budi kuzidi. Ukiwa tupu, tabo zako zimesinzia, unalisha lita 3.5 basi. Ukifunga trela zinaamka, na hizo lita 3.5 zinameza hewa kama injini kubwa. Mzigo ni uleule, utaulipia tu.

Halafu kuna joto. Hewa iliyosindiliwa hupata moto, na petroli hutaka kujiwasha kabla ya wakati wake. Ndiko kule kugonga tunakokuogopa sisi mafundi. Kompyuta huzuia kwa kuchelewesha cheche, na mzigo ukiwa mkubwa sana humwaga petroli ya ziada ili kupoza. Petroli hiyo haikusogezi hata inchi moja. V8 ya mwenzako haina tabo, haibanwi kiasi hicho. Nusu maili yake imetoka humo.

Usinisadiki mimi. Fungua ukurasa wa geji kwenye dashibodi, tafuta ile ya tabo. Nenda tupu maili 60 kwa saa mahali tambarare, utaona mshale umelala. Kesho funga trela, pita palepale.

Ile karatasi ya dirishani gari likiwa jipya iliandika hivi kwa pikapu kama yako: 18 mjini, 25 barabara kuu, wastani 21. V8 ya mwaka huo: 17, 23, wastani 19. Vipimo hivyo hufanyika maabara, gari likizunguka juu ya roli, bila trela. Kwa maili 12,000 kwa mwaka, tofauti ya 21 na 19 ni galoni 60 hivi. Si haba, ila si utajiri.

Mimi ninayo yenye tabo vilevile, ya lita 2.7. Mwaka juzi nilipeleka masufuria ya pilau, viti na turubai za harusi San Antonio, maili 200 kasoro kidogo kwa barabara kuu ya I-10, nikivuta boksi la kukodi. Kwenda nilikuwa na haraka, wapishi wananipigia simu, nikashikilia maili 75 kwa saa. Nikapata maili 10.4 kwa galoni. Kurudi, boksi lilelile na viti vilevile, nikashikilia 62 huku malori yakinipita: 12.6. Masufuria matupu hayakupunguza uzito wa maana. Ni upepo. Kifua cha boksi ni ukuta, na ukiongeza mwendo upepo hukurudishia kwa hasira.

Kwa hiyo usiuze. Hasara ya kuuza na kununua itameza nusu maili hiyo kwa miaka mingi. Kama mashine zako zinaweza kukaa kwenye trela la wazi, badilisha trela kwanza. (Najua utaniambia wezi. Basi boksi fupi, lisilopita paa la pikapu kwa mbali.) Ukivuta, bonyeza kitufe cha kuvutia mizigo, shuka hadi 62, na siku za safari ndefu tia petroli ya daraja la juu, hata kitabu cha gari kinaipendekeza kwa kuvuta mizigo mizito. Siku za kwenda tupu, petroli ya kawaida, ile ya 87, inatosha kabisa.

Na upime kwenye pampu, si kwenye dashibodi. Jaza tangi, andika maili, jaza tena pampu ileile, gawanya. Dashibodi yangu hunipamba kwa karibu maili 1. Ukibaki 10 hata kwa mwendo wa 62, niandikie tena, hapo tutaanza na plagi.