Laki ipo, "elfu mia" ya nini?

Mwalimu wa hesabu kutoka Kondoa anauliza: 142,857 isomwe vipi kwa Kiswahili? Darasa lake limegawanyika. Wapo wanaosoma "elfu mia moja arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba", na wapo wanaoanza na laki. Anataka mshindi.

Mshindi ni laki, tena kwa kishindo. Isomwe: laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba.

Sasa niacheni niiseme hii "elfu mia". Siku hizi hufungui redio usiisikie: elfu mia mbili, elfu mia tano. Ifikapo Juni, bajeti ikisomwa hapa Dodoma, wachambuzi huimwaga kama pumba. Ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Waingereza hawana laki, masikini, wanalazimika kuhesabu maelfu kwa mamia. Sisi tunayo, ilivuka bahari kutoka India, ikazikuta mia na elfu za Kiarabu, zikaelewana. Ufukara huu wa kujitakia unatoka wapi?

Na ingekuwa ni ugeni tu, ningenyamaza. Tamka haraka "elfu mia nane", kisha "elfu na mia nane". Kinachotenganisha 800,000 na 1,800 ni "na" moja, ambayo wasemaji wenyewe huimeza. Nenda soko la mahindi Kibaigwa ukamtafute dalali atakayekubali kuining'iniza pesa yake kwenye "na". Pale utaambiwa "laki na ishirini", na kila mtu anajua ni 120,000, si 100,020.

Mwalimu huyu ni mjanja, hakuokota namba yoyote tu. Gawa 1 kwa 7: baada ya nukta, tarakimu hizo sita hujirudia bila kikomo. Zidisha 142,857 kwa 2, unapata 285,714. Kwa 3, 428,571. Kwa 6, 857,142. Tarakimu zilezile, zinafuatana vilevile, ila zimeanzia pengine. Haya, mpe mtoto hiyo ya mwisho aisome kwa mtindo wa redio: "elfu mia nane hamsini na saba mia moja arobaini na mbili". Ipi mia ya maelfu, ipi inajitegemea? Hata msomaji mwenyewe keshapotea. Kwa laki: laki nane, hamsini na saba elfu, mia moja arobaini na mbili. Unaandika huku unasikiliza, hufuti kitu. Mkitaka kuusikia mzunguko wenyewe, zitajeni tarakimu mojamoja: moja, nne, mbili, nane, tano, saba, kisha mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Watoto watakurukia jibu kabla hujamaliza.

Wengi husema "elfu arobaini na mbili". Nayo ina mtego, maana yaweza kuwa 40,002, ndiyo sababu mimi natanguliza arobaini na mbili. Lakini vita hiyo nimeichoka. Atakayesema "laki moja na elfu arobaini na mbili" apite. Namba au nambari? Chukua uipendayo, niache nipumzike.

Ukizidisha kwa 7 mzunguko unakatika, inatoka 999,999: laki tisa, tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. Atakayekusomea "elfu mia tisa tisini na tisa mia tisa tisini na tisa", Mwalimu, mtume Kibaigwa akanunue mahindi, kwa pesa yake mwenyewe.