Muulize Fundi wa Ndege: Imelala miaka miwili, tuinunue?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na binamu zangu wawili tuna leseni za urubani. Tumepata Cessna 172 ya mwaka 1976 inauzwa hapa Malindi. Mwenyewe anasema haijaruka miaka miwili, kwa hivyo injini haijachoka. Bei tunaiweza tukichanga. Tununue?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Bei ya kununua mtailipa mara moja na yataisha. Mimi naogopa hiyo miaka miwili.

Injini ya ndege hiyo ni ya kampuni ya Lycoming, na kemshafti yake, ule mhimili unaofungua vali, imekaa upande wa juu. Ikizimwa, oili huteremka kidogo kidogo mpaka chuma kinabaki kikavu. Hapa kwetu upepo wa bahari haulali, na chuma kikavu hushika kutu upesi. Siku mtakayoiwasha italia vizuri tu. Baada ya kuiruka kwa muda, mtaanza kukuta unga wa chuma kwenye filta ya oili. Nimezikata filta za namna hiyo kwa mikono yangu, karatasi inametameta kama magamba ya samaki. Hapo hakuna kutia kiraka, injini inashushwa na kufunguliwa yote.

Wala msiridhike mkiambiwa ilikuwa ikiwashwa kila wiki. Kuiwasha chini kwa robo saa kunaizidishia unyevu, kwa sababu haipati joto la kuukausha. Ilitakiwa iruke.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, tafuteni fundi mwenye leseni asiyejuana na muuzaji. Ang'oe silinda moja aione kemshafti kwa macho. Atazame kutu ndani ya mabawa pia. Kisha asome vitabu vya injini: imefanya saa ngapi tangu ovahoo ya mwisho, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya, na ovahoo hiyo ni ya mwaka gani? Lycoming huipa saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia.

Bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka na cheti cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mtalipia hata isipotoka chini, na hapo kuwa watatu kutawafaa. Ikiruka hunywa lita 30 na kitu kwa saa, tena za avgas, petroli ya ndege za injini kama hii. Yale mafuta ya Caravan, zile ndege za abiria zinazokwenda Manda kule Lamu, ni ya jeti, kwenu hayaingii kabisa. Ulizeni mapema avgas mtaitoa wapi, na ikifika Malindi itakuwa bei gani.

Halafu kuna akiba ya ovahoo. Chukueni gharama yake muigawanye kwa saa zilizobaki, si kwa 2,000. Injini iliyobakiza saa 400 inawadai mara tano ya ile mpya kwa kila saa mnayoruka. Wengi hawaipigi hesabu hii mpaka siku fundi anapoleta bili.

Kama hamtaruka karibu kila wiki, kodini ndege ya chuo cha urubani. Kama mtaruka, na kemshafti ikaonekana safi, niletee picha za vitabu vyake niwasomee kabla hamjatia saini.