Nina msongo wa mawazo: je, kukaa chini ya mti kunasaidia kweli?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Tangu tuanze kufunga hesabu za mwaka silali vizuri, mabega yamekaza, na nawagombeza watoto kwa kitu kidogo tu. Hospitali wamenipima presha na sukari, viko sawa, nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Rafiki yangu ananishauri niwe nakaa penye miti au baharini, kimya, nikimtafakari Mungu. Kuna ukweli wa kitaalamu hapo? Na mimi ni Muislamu, naogopa isije ikawa ushirikina.

JIBU: Pole sana dada, na umefanya vyema kuanza na vipimo. Rafiki yako amekushauri jambo lenye msingi.

Ukiwa na msongo, mwili hujiandaa kama vile kuna hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwako haipiti, maana ukimaliza hesabu moja simu inaita kuhusu nyingine. Penye miti au ufukweni, macho na masikio hupata vitu vya kuvutia visivyokudai jibu, na akili iliyochoshwa na tarakimu hupumzika.

Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala kwenye vyumba vyenye madirisha yanayotazama miti walitoka mapema, na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019, utafiti wa watu karibu 20,000 huko Uingereza ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki, kwa mkupuo au kidogo kidogo, ndio waliosema zaidi kwamba wana afya njema. Hilo halithibitishi kuwa miti ndiyo iliyowapa afya, kwani mwenye afya naye hutoka zaidi. Lakini kama lengo la kuanzia, linafaa.

Kuhusu ushirikina, ondoa hofu. Kutafakari uumbaji si kuuabudu mti. Sura ya Al-Imran, aya ya 190 na 191, inawataja wenye akili kuwa ni wale wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakisimama, wakikaa na wakilala, wakitafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Wasomaji wangu Wakristo nao wasome Mathayo sura ya 6: Yesu anapowaambia watu watazame ndege na maua, anazungumza na watu wenye wasiwasi wa chakula na mavazi.

Sasa fanya hivi. Baada ya swala ya alfajiri, kabla hujashika simu, toka uani ukae dakika 20. Mwarobaini mmoja unatosha. Chagua kitu kimoja ukitazame kwa karibu: mishipa ya jani, au sisimizi wanaopanda kwenye gome. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita, na kila unapoitoa sema "Subhanallah" moyoni. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Mawazo ya ofisi yatakuja tu. Usishindane nayo, rudisha macho kwenye jani. Siku za mwanzo huenda usihisi kitu, endelea.

Mwisho wa wiki nenda mahali pakubwa zaidi, msitu wa Pugu au ufukweni, lakini usiende peke yako. Ukiwa unageuka nyuma kila unaposikia mchakacho, mwili hautatulia.

Haya yote hayapunguzi kazi iliyo mezani, kwa hiyo zungumza na mkuu wako kuhusu mgawanyo wake. Usingizi usiporudi baada ya wiki mbili, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Na ukianza kukata tamaa ya kuishi au kuwaza kujidhuru, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali.