Jibu: Plasta inabanduka kanisa la zamani, Mpwapwa

Salaam mkuu. Umeuliza kuhusu kanisa na darasa la misheni: kuta za mawe na udongo, plasta ya saruji inabanduka chini kila masika, kuna nyufa, na fundi anataka kupiga saruji tena. Mzuieni kwanza.

Angalieni maji ya bati yanaangukia wapi. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili ni chache, ila zikishuka zinachimba msingi. Saruji inafungia unyevu ukutani, na chumvi iliyomo kwenye unyevu huo inasukuma plasta. Kwetu tulibandua yote, ukuta ukakauka kiangazi kizima, tukapiga chokaa na mchanga, 1 kwa 3. Polepole mno, mafundi walinung'unika!

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Lenu ni la baadaye, hivyo ili lilindwe lazima litangazwe na serikali. Kuhusu nyufa, bila picha ya msingi siwezi kusema.