Kamera ya kupigia watoto picha ndani ya nyumba
Dada wa Moshi uliyeuliza kamera ya kupigia watoto picha nyumbani: achana na hesabu za megapikseli, pesa iende kwenye lenzi. Nikon D5600 ya mtumba na lenzi ya 35mm f/1.8 zinatosha kabisa (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi). Ile 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6, mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa f/1.8. Julai wingu likifunika na sebule ina giza, mtoto anayekimbia anatoka kama ukungu. Anza na spidi ya shata 1/250 ya sekunde, ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) 3200. Lenzi iwe imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake ya kufokasi ndani. Ya AF-D haina mota hiyo, haijifokasi kwenye bodi ya D5600. Na kabla hujalipa, imulike lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu, iache.