Pikapu yenye sura ya zamani: mbona haichapuki?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninaishi Columbus, Ohio, ambako nina duka dogo la vyakula. Nimeonyeshwa Chevrolet SSR ya mwaka 2004 inayouzwa, na sijawahi kuona pikapu iliyonivutia kiasi hicho. Hata hivyo, rafiki yangu aliyewahi kuiendesha ananionya kwamba mwendo wake haulingani na sura yake, wala haibebi mzigo wa maana. Inawezekanaje, ilhali ina injini ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 300?
Msomaji, Columbus

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekwambia kweli, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha. Wabunifu wa Chevrolet waliichora SSR kwa kufuata pikapu zao za miaka ya 1947 hadi 1955, zile zenye boneti ya mviringo na matao manene juu ya magurudumu, na kwa upande wa sura sioni cha kuwalaumu. Kasoro iko chini. Gari hili halikuundiwa fremu nyepesi ya kwake, bali lilikalishwa juu ya fremu ya jamii moja na ya TrailBlazer, ambalo ni gari zito la familia, kisha likaongezewa paa la chuma linalojikunja kwa mota na kujificha nyuma ya viti. Gari la watu wawili likafikia zaidi ya kilo 2,100.

Ukigawanya uzito huo, kila farasi anavuta takriban kilo 7. Giaboksi ya miaka 2003 na 2004 ni ya otomatiki yenye gia 4 tu, zilizoachana mno, hivyo unapokanyaga mafuta ili ulipite lori, ngurumo ya injini hutangulia na mwendo hufuata baadaye. Kutoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa kulichukua zaidi ya sekunde 7. Kwa gari lililouzwa likiwa jipya kwa karibu dola 42,000, na lililopewa heshima ya kuongoza magari kabla ya mbio za Indianapolis 500 za mwaka 2003, hilo kwangu halikubaliki.

Kuhusu mzigo, uwezo wake wa kuvuta trela ni kilo 1,100 na kidogo, na sehemu ya mizigo ina kifuniko kigumu, kwa hiyo ukipandanisha kreti hakifungiki.

Mwaka 2005 waliweka injini ya lita 6.0 yenye nguvu za farasi 390, ya aina moja na iliyokuwa kwenye Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ya mwaka huo, na mnunuzi akaweza kuchagua gia 6 za mkono. Hapo ndipo gari lilipaswa kuanzia. Hata hivyo, farasi mmoja bado anavuta kilo 5 na nusu, wakati wa Corvette hafikishi 4.

Ushauri wangu ni kwamba uiache hiyo ya 2004 na utafute ya 2005 au 2006, iliyo miaka ya mwisho ya kutengenezwa kwake, ikiwezekana yenye gia za mkono. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji alifungue na kulifunga paa mara tatu mbele yako. Kwa mizigo ya dukani, tafuta gari lingine.